Mabano, Mishale na Kamba ya Katani: Jinsi Muundo wa Aljebra Unavyoenea Katika Mchoro

Hotuba hii ilitolewa mjini Tanga mbele ya walimu na wanafunzi wa hisabati. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Yale yaliyochorwa ubaoni yameelezwa kwa maneno.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, wazazi mliowasindikiza watoto wenu, assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote habari za asubuhi.

Naanza na swali la mwanafunzi. Nilikuwa nafundisha kidato cha kwanza hapa hapa Tanga, tukirudia ile MAGAZIJUTO ambayo kila mmoja wenu aliikariri shule ya msingi: mabano kwanza, kisha kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa. Nikaandika ubaoni 2 + 3 + 4. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, hapa hakuna mabano. Tuanzie wapi?" Nikamwambia aanzie popote: akianza na 2 na 3 atapata 5, akiongeza 4 ni 9; akianza na 3 na 4 atapata 7, akiongeza 2 ni 9 ile ile. Akaandika, akaridhika, kisha mkono ukanyooshwa tena. "Na kama si namba?"

Ndugu zangu, swali hilo ndiyo hotuba yangu yote ya leo. Na kama si namba? Kama ni safari, kama ni maumbo, kama ni kamba? Kama kile tunachokizidisha kimehamishwa kutoka kilipozaliwa kikapelekwa kwingine, je, ile ruhusa ya kusogeza mabano husafiri nacho? Na kama hatuna mahali pamoja tu bali vituo vingi vilivyounganishwa kwa mishale, yaani mchoro mzima, je, muundo uliowekwa kwenye kituo kimoja unaweza kuenea mpaka kwenye vituo vyote, kila mshale ukiuheshimu?

Tawi la hisabati linalolibeba swali hili linaitwa nadharia ya operadi. Nami niseme tangu mwanzo ninachotaka kukionyesha: muundo wa aljebra haubebwi peke yake, unabebwa pamoja na ushahidi wake. Ukiuacha ushahidi nyuma, unafika na kitu kilichovunjika. Ukiubeba, unafika na kitu kizima, ingawa kitakuwa kizito kuliko kile ulichoondoka nacho.

Kwanza tuelewane mshale kuheshimu muundo ni nini. Wenyeji wa Ngamiani watanielewa haraka, kwa sababu wamekulia kwenye barabara zinazoitwa kwa namba, zikikatana na nyingine kama mistari ya daftari la hesabu. Ukitaka kutoka kona moja kwenda kona iliyo mshazari nayo, unaweza kunyoosha kwanza kisha ukakunja, au ukakunja kwanza kisha ukanyoosha. Ukifika kona ile ile kwa njia zote mbili, tunasema mchoro umekubaliana.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiuza mchele kwa kibaba. Vibaba vinne ni pishi moja. Chukueni mshale unaotoka kwenye vibaba kwenda kwenye pishi, na tendo letu liwe kujumlisha. Vibaba 8 na vibaba 12: nikijumlisha kwanza napata 20, nikivuka mshale napata pishi 5. Nikivuka kwanza napata pishi 2 na pishi 3, nikijumlisha napata 5. Njia zote mbili zimefika kona moja, kwa hiyo mshale umeheshimu kujumlisha. Sasa badilisheni kidogo: tuseme ng'ambo ya mshale wanaandika pishi zilizotimia tu, na kinachopungua hawakiandiki. Mteja wa kwanza ana vibaba 3, wa pili ana vibaba 3. Nikivuka kwanza, naandika sifuri na sifuri, jumla sifuri. Nikijumlisha kwanza, napata vibaba 6, nikivuka naandika pishi 1. Njia mbili, kona mbili. Pishi moja ya mchele imepotea njiani, na hakuna aliyeiba. Kila upande kujumlisha ni kuzuri, hakuna mwenye kosa katika hesabu yake. Aliyekosa ni mshale. Hilo mlishike, kwa sababu nitalirudia: haitoshi kila kituo kiwe na muundo mzuri, lazima mishale nayo ikubali.

Ule mshale wa kwanza wa vibaba na pishi, usiotupa kitu, ni mwepesi kwa sababu unarudika bila kupoteza chembe: kila kitu cha huku kina mwenzake mmoja wa kule. Mishale ya namna hiyo hubeba muundo wowote bila jasho, nami sitakaa hapo zaidi. Mishale inayonisumbua, na iliyowasumbua wanahisabati kuanzia katikati ya karne iliyopita, ni ile yenye njia ya kurudi ambayo haikurudishi pale pale ulipotoka bali karibu yake, mahali unapoweza kusogezwa taratibu, bila kukatika, mpaka ulipoanzia. Usogezaji huo usiokatika ndio unaoitwa homotopia. Neno ni la kigeni lakini jambo lenyewe mnalijua.

Nitalionyesha kwa karibu. Fikirini kijana mwenye simu, anayesafiri na kurekodi video. Kila safari yake inaanzia stendi ya Tanga na kuishia stendi ya Tanga: anakwenda Pangani na kurudi, anakwenda Muheza na kurudi, anakwenda Amboni na kurudi. Kuunganisha safari mbili ni rahisi: ya kwanza ikiisha, ya pili inaanza. Ikiwa kila safari inaruhusiwa kuwa na muda wake wenyewe, basi muungano wa safari tatu hauna habari na mabano kabisa. Pangani na Muheza kwanza, halafu Amboni. Au Pangani, halafu Muheza na Amboni kwa pamoja: video ni ile ile, sekunde kwa sekunde. Hapa kanuni ya mabano, yaani ile ruhusa ya kuyasogeza bila jibu kubadilika, inashika sawasawa, kama kwa namba.

Sasa kijana anaambiwa kwamba kila video lazima iwe ya dakika 60, isizidi wala isipungue. Video ndefu aiharakishe, fupi aipunguze mwendo. Tumejenga mshale: kutoka kituo cha safari zenye muda wowote kwenda kituo cha safari za dakika 60. Mshale una njia ya kurudi, maana safari ya dakika 60 ni mojawapo ya safari zenye muda wowote. Lakini nenda ng'ambo kisha urudi: safari ya saa mbili inarudi ikiwa ya saa moja. Si ile uliyoondoka nayo, ila unaweza kuirefusha kidogo kidogo, kutoka dakika 60 hadi 61, hadi 62, hadi 120, pasipo kukata popote. Je, muundo wa kule unaweza kuhamia huku?

Twende nao. Ili kuzidisha safari mbili za dakika 60, tunafanya mambo matatu: tunarudi, tunatenda, tunakuja. Tunarudi kwenye kituo cha kwanza, tunaunganisha na kupata dakika 120, tunavuka mshale na kuharakisha mpaka dakika 60. Kila safari imepata dakika 30. Mpaka hapo kila kitu kiko salama. Leteni safari ya tatu. Nikianza na Pangani na Muheza, hizo mbili zinabanwa ndani ya dakika 60. Nikiongeza Amboni, mbili za kwanza zinabanwa tena. Mwishowe Pangani ina dakika 15, Muheza 15, Amboni 30. Nikianza na Muheza na Amboni, Pangani inapata dakika 30, Muheza 15, Amboni 15. Ni safari zile zile, kwa mpangilio ule ule, lakini dakika ya 20 ya video ya kwanza kijana yuko njiani Muheza, na dakika ya 20 ya video ya pili bado yuko Pangani akiangalia mto. Video hizi mbili si moja. Kanuni ya mabano imevunjika.

Tuseme muundo umekufa njiani? Hapana! Angalieni kilichobaki. Lile daraja la kurefusha taratibu, lililokuwa likitushuhudia kwamba kwenda na kurudi ni karibu sawa na kukaa, bado tunalo mkononi. Chukueni ile jozi ya Pangani na Muheza iliyobanwa ndani ya saa moja, mkairefushe kidogo kidogo mpaka ifike saa mbili kabla ya kuongeza Amboni. Mgawanyo utasogea kutoka 15, 15, 30 hadi 20, 20, 20. Fanyeni hivyo hivyo upande wa pili, nao utasogea kutoka 30, 15, 15 hadi 20, 20, 20 ile ile. Kwa hiyo video mbili zilizotofautiana zimeunganishwa kwa njia, na njia hiyo hatukuibuni, imetokana na ushahidi tuliobeba. Kanuni ya mabano haikuhama kama amri. Imehama kama daraja.

Na hapa ndipo wengi huishia, wakidhani kazi imekwisha. Leteni safari ya nne, tuseme Korogwe. Namna za kuweka mabano kwenye vitu vinne ni tano. Kila mnaposogeza jozi moja ya mabano mnavuka daraja moja, na madaraja hayo yakichorwa yanatoa umbo la pembe tano. Kutoka kipeo, yaani kona ya umbo, ambamo tunaunganisha kuanzia kushoto hadi kipeo ambamo tunaunganisha kuanzia kulia kuna njia mbili, moja ya madaraja mawili na nyingine ya madaraja matatu. Je, kuvuka kwa njia ya kwanza ni sawa na kuvuka kwa njia ya pili? Tumerudi kwenye kona za Ngamiani, ila sasa hatuulizi kama njia mbili zinafika kona moja. Tunauliza kama njia zenyewe zinaweza kusogezwa moja juu ya nyingine, yaani kama ndani ya pembetano pamejaa au pana shimo. Katika safari zetu pamejaa, na sababu yake ni nyepesi: kila kipeo na kila daraja ni mgawanyo fulani wa dakika 60 kwa safari nne, na mgawanyo wowote unaweza kusogezwa moja kwa moja hadi mgawanyo mwingine wowote bila kukwama. Kwa safari tano vipeo ni 14, na umbo lenyewe si bapa tena: lina nyuso 9, sita zikiwa pembetano na tatu zikiwa pembenne, pamoja na kingo 21. Wanafunzi mliosoma kanuni ya Euler, kwamba vipeo, toa kingo, jumlisha nyuso, ni 2, hesabuni wenyewe: 14, toa 21, jumlisha 9, ni 2. Kwa safari sita vipeo ni 42, na ngazi hii haina mwisho.

Aliyeipanga ngazi hii yote mwaka 1963 ni James Stasheff wa Marekani, na maumbo yake yanatumika mpaka leo. Namba za vipeo, 1, 2, 5, 14, 42, zinaitwa kwa jina la Eugène Catalan wa Ubelgiji, mtu wa karne ya 19 ambaye hakuwa na habari ya homotopia. Mimi huona jambo hilo ni zuri mno: hesabu ya mabano ilikuwa ikisubiri miaka zaidi ya 100 ipate umbo.

Sasa operadi ni nini? Neno lilitungwa na J. Peter May wa Chicago, katika kazi yake ya mwaka 1972. Operadi haina namba ndani yake, wala haina safari. Ni kama daftari la matendo. Ukurasa mmoja una matendo yanayopokea kitu kimoja, mwingine yanayopokea viwili, mwingine vitatu, na kuendelea. Na daftari linaeleza kwamba tendo hili likichomekwa ndani ya lile linazaa tendo gani. Kitu halisi kinachokubali kutendewa matendo hayo, iwe ni namba, safari au umbo, kinaitwa aljebra ya operadi hiyo. Faida ya kutenganisha daftari na kitu ni kwamba tunaweza kuuliza maswali juu ya daftari lenyewe. Daftari hili limeandikwa kwa amri, au limeandikwa kwa madaraja?

Nisisitize hapa, maana ndipo uzito ulipo. Daftari la amri linasema: mabano ya kushoto na mabano ya kulia lazima yatoe jibu moja. Daftari la madaraja halisemi hivyo. Linasema: kuna tendo la vitu viwili, kuna daraja la vitu vitatu linalounganisha mabano ya kushoto na ya kulia, kuna ujazo wa vitu vinne unaofunika pembetano, na kuendelea. Katika daftari la pili kila tendo jipya liko huru, halifungwi na sharti lolote isipokuwa ukingo wake, yaani yale yaliyokwisha kuwekwa kabla yake. Uhuru huo ndio unaoliwezesha kusafiri. Michael Boardman na Rainer Vogt waliliona hili mapema, na mwaka 1973 walichapisha kazi yao kuhusu miundo ya aljebra isiyopotea maumbo yanaposogezwa kwa homotopia. Amri inavunjika ikiguswa, daraja linapinda na kubaki daraja.

Ndugu Mwenyekiti, mpaka hapa tumevuka mshale mmoja. Ahadi yangu ilikuwa mchoro. Na katika mchoro kuna hatari ambayo mshale mmoja haina.

Akina mama hapa wote wanajua kwamba khanga inanunuliwa doti, vipande viwili vilivyo sawa. Tuviite A na B. Nataka vipande hivi viwe aljebra: niwe na namna ya kuzidisha kipande kwa kipande nikapata kipande, kanuni ya mabano ishike, na mmoja wao awe yule asiyebadilisha kitu, kama 0 katika kujumlisha na 1 katika kuzidisha. Inawezekana? Inawezekana bila shida: A awe asiyebadilisha, na B mara B iwe A. Ni kama shufwa na witiri zinavyojumlishwa. Sasa naongeza mshale mmoja tu kwenye mchoro wangu, mshale unaotoka kwenye doti na kurudi kwenye doti ile ile, kazi yake ni kubadilishana vipande: A anakwenda B, B anakwenda A. Je, naweza kupata muundo ambao mshale huu unauheshimu?

Jaribuni. Tuseme A ndiye asiyebadilisha. Mshale ukiheshimu muundo, basi anakokwenda A lazima naye awe asiyebadilisha, na anakokwenda ni B. Kwa hiyo A na B wote wawili hawabadilishi. Sasa A mara B ni nini? Kwa kuwa A habadilishi, jibu ni B. Kwa kuwa B habadilishi, jibu ni A. Basi A ni B, na doti ina kipande kimoja. Lakini tumeinunua ina viwili! Hakuna muundo wa namna hiyo, si kwa sababu kituo ni kibaya, wala si kwa sababu mshale haurudiki, maana unarudika kikamilifu. Ni kwa sababu mchoro umejifunga duara, na duara limedai kitu ambacho kituo hakina. Kila nikimfundisha mwanafunzi mwenye haraka, namwekea doti hii mezani.

Sasa rudini nyuma, kabla khanga haijakatwa. Doti inapotoka dukani ni kitambaa kimoja, na katikati pana mstari wa kukatia. Ikizungushwa, ncha ya A inakwenda kwa B na ya B inakwenda kwa A, lakini mstari wa katikati unabaki pale pale. Kwa hisabati ni mstari wa namba zote, hasi na chanya, wenye mshale unaogeuza kila namba kuwa kinyume chake. Kujumlisha kunauheshimu mshale huo: kinyume cha 3 + 4 ni kinyume cha 3 kujumlisha kinyume cha 4. Na asiyebadilisha, sifuri, amekaa katikati, hatikisiki. Mahali palipokuwa na nukta mbili zilizoachana hapakuwa na nafasi ya muundo. Palipo na njia baina yao, muundo umepata pa kukaa.

Je, tunajuaje mapema kama mchoro utakubali? Hapa nadharia inatumia mbinu ninayoipenda kuliko zote. Badala ya kuangalia matendo ya kituo kimoja kimoja, tunakusanya vifurushi. Kifurushi kimoja kina tendo moja kwa kila kituo cha mchoro, na sharti lake ni kwamba matendo hayo yakubaliane kwenye kila mshale, kona kwa kona, kama vibaba na pishi. Vifurushi vyote hivyo, vikipangwa kwa idadi ya vitu vinavyopokea, navyo vinafanya operadi. Tuiite operadi ya mchoro. Kuupa mchoro mzima muundo si kitu kingine ila kupeleka daftari letu ndani ya operadi ya mchoro. Kwa hiyo ikiwa tayari tuna muundo kwenye kituo kimoja, swali la kuueneza limegeuka kuwa swali la kupanda: tuko chini, kwenye operadi ya kituo; juu yetu ni operadi ya mchoro; je, tunaweza kupandishwa bila kuachia tulichonacho?

Tunapanda ngazi kwa ngazi. Tendo la vitu viwili kwanza: tunalitafutia kifurushi. Kisha daraja la vitu vitatu, ambalo ncha zake mbili zimekwisha kuwekwa na hatua iliyotangulia. Kisha ujazo wa vitu vinne, ambao ukingo wake, ile pembetano, umekwisha kuwekwa. Kila hatua inauliza swali moja tu: ukingo huu unajazika? Na mambo mawili yakitimia, jibu ni ndiyo mpaka mwisho. La kwanza ni daftari kuwa la madaraja, ili kila hatua isidaiwe chochote zaidi ya ukingo wake. La pili ni kushuka kutoka operadi ya mchoro hadi operadi ya kituo kusiwe na shimo: chochote kinachojazika chini kijazike na juu. Clemens Berger na Ieke Moerdijk waliliweka jambo hili wazi mwaka 2003 kwa mshale mmoja wenye njia ya kurudi. Mshale ukiwa unapachika kituo kimoja ndani ya kingine kwa utaratibu mzuri, au unakifunika chote kwa utaratibu mzuri, muundo unahama na mshale unauheshimu sawasawa. Ukiwa una njia ya kurudi tu bila uzuri huo wa ziada, na vituo vyote viwili vikiwa vya tabia njema, muundo bado unahama, lakini mshale unauheshimu kwa kiwango cha homotopia.

Mchoro ukiwa mnyororo, kituo baada ya kituo, tunavuka mshale mmoja mmoja na safari inaendelea. Njia mbili zinapokutana kwenye kituo kimoja, kituo hicho kinapokea miundo miwili, na mtu asiyebeba ushahidi atakaa hapo akibishana ni upi wa haki. Aliyeubeba ataweka daraja kati yao, kisha ataulizwa habari ya madaraja yenyewe. Ndiyo maana Boardman na Vogt walitumia operadi zenye rangi, na Berger na Moerdijk wakazirudia mwaka 2007: kila kituo kinapewa rangi yake, mishale inaandikwa kwenye daftari kama matendo ya kawaida yanayopokea rangi moja na kutoa nyingine, na daftari lote, mishale ikiwemo, linageuzwa kuwa la madaraja. Mishale haiko tena nje ya muundo ikiuhukumu. Imekuwa sehemu yake.

Sasa kuna atakayeniuliza, na mwalimu mmoja alikwisha kuniuliza asubuhi hii pale mlangoni: madaraja yote haya ni ya nini? Kwa nini tusibebe lile tendo la vitu viwili, tukayaacha mengine? Nimejiandaa kumjibu kwa kitu cha hapa kwetu.

Hivi ni vitanzi vitatu vya kamba ya katani. Nimevisuka jana usiku kwa namna inayoitwa pete za Borromeo, na naomba wanafunzi wawili wa mbele wavishike, kila mmoja avute taratibu. Mnaona havitoki. Lakini viangalieni viwili viwili. Cha kwanza na cha pili: kimoja kimelala juu ya kingine, hakikupita ndani yake. Cha pili na cha tatu, vivyo hivyo. Cha tatu na cha kwanza, vivyo hivyo. Hakuna viwili vilivyofungana, na bado vitatu vimefungana. Ni wapi palipoandikwa fundo hili?

Wanahisabati hulitazama eneo linalobaki nje ya pete na kulitengenezea aljebra. Aljebra hiyo ni kubwa, haina mwisho, na ndani yake kanuni ya mabano inashika sawasawa. Huwezi kuishughulikia kwa mkono, kwa hiyo unaihamisha hadi kituo kidogo kinachohesabika, kiitwacho kohomolojia. Hapo ndipo Tornike Kadeishvili wa Georgia alipoonyesha, mwaka 1980, kwamba muundo wa madaraja wote unaweza kuhamia. Tuseme umebeba tendo la vitu viwili peke yake. Kwenye kituo kidogo, kila pete ina alama yake, na alama yoyote ikizidishwa kwa nyingine unapata sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri. Ukichukua pete tatu zilizotupwa mezani zisizogusana hata kidogo, utapata sifuri zile zile. Tendo la viwili limeapa kwamba hivi na vile ni sawa. Lakini ukilibeba na daraja la vitu vitatu, likizipokea alama zote tatu halitoi sifuri. Thamani yake ilikwisha kutambuliwa na William Massey katika miaka ya 1950, na inaitwa zao la Massey. Fundo limeandikwa hapo, kwenye ule ushahidi ambao mwalimu mwenzangu alitaka tuuache nyuma.

Kwa hiyo, binti yangu wa dawati la mbele, popote ulipo leo: kama si namba, mabano yana habari. Yana habari ambayo jibu la mwisho halina.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nimebakiwa na jambo moja. Naomba mkasi. Wanafunzi wangu, endeleeni kuvuta. Nakata kitanzi hiki kimoja, chochote tu ningechagua, na sikigusi kingine. Angalieni vile viwili vilivyobaki: kila mmoja wenu amebaki na kitanzi chake mkononi. Kamba nyingine nimeziweka hapa mezani, zinawatosha madawati yote. Njooni mzisuke huku nikipokea maswali.